In My Room

In My Room ni wimbo wa taratibu na wa majonzi wa bendi ya Marekani iitwayo Beach Boys. Ulitungwa na Brian Wilson na Gary Usher, ukatoka Septemba 1963 katika albamu ya Surfer Girl ya kampuni ya Capitol. Oktoba mwaka huohuo uliwekwa upande wa pili wa santuri ya Be True to Your School, na hata hivyo ukafika nafasi ya 23 katika chati ya Billboard.

Chimbuko

Beach Boys ilianza mwaka 1961 huko Hawthorne, California. Waanzilishi walikuwa ndugu watatu, Brian, Dennis na Carl Wilson, binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Bendi ilijipatia jina kwa nyimbo za kuchangamsha kuhusu kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi, magari ya mbio na mapenzi ya ujana, ingawa Dennis ndiye pekee aliyeuzoea mchezo huo wa mawimbi. In My Room hauna bahari wala gari. Msemaji wake ni kijana anayejifungia chumbani, mahali pekee anapoweza kulia, kuomba na kuwaza bila kuonwa.

Chumba chenyewe kilikuwepo. Utotoni ndugu hao watatu walilala pamoja katika nyumba ya familia huko Hawthorne, na usiku Brian aliwafundisha wadogo zake kuimba kwa kupatanisha sauti. Nyumba hiyo ilikuwa chini ya Murry Wilson, baba mkali aliyekuja pia kuwa meneja wa bendi.

Muziki

Wimbo ulirekodiwa Julai 1963 katika studio ya Western, Hollywood, Brian akiwa mtayarishaji. Maureen Love, dada yake Mike, ndiye anayepiga kinubi kinachosikika mwanzoni. Ubeti wa kwanza unaimbwa na ndugu watatu tu, kama walivyozoea chumbani. Waliobaki huingia baadaye. Mpangilio huo sahili ndio uti wa wimbo, na ni miongoni mwa kazi bora kabisa za Brian kabla ya albamu ya Pet Sounds (1966).

Baadaye

Linda Ronstadt aliurudia mwaka 1996. Mwaka 2016 Jacob Collier wa London aliipa albamu yake ya kwanza jina hilohilo. Wimbo uliingizwa katika Grammy Hall of Fame mwaka 1999. Nyumba ya Hawthorne ilibomolewa miaka ya 1980 kupisha barabara kuu; tangu 2005 pana mnara wa kumbukumbu.