Caspar David Friedrich na barafu yake

Jamani, leo tuiache siasa kidogo. Kuna picha imenikaa kichwani: Bahari ya Barafu, aliyoichora Mjerumani Caspar David Friedrich mwaka 1823-24. Mabamba ya barafu yamepandana kama kaburi, na pembeni meli imemezwa. Mtu humwoni hata mmoja.

Friedrich alizaliwa Greifswald mwaka 1774. Alipokuwa na miaka 13, mdogo wake Johann Christoffer alizama majini. Inasemekana barafu ilipasuka, na dogo alikuwa anajaribu kumwokoa yeye. Halafu watu wanauliza kwa nini picha zake zina huzuni!

Hiyo ya barafu haikupata mnunuzi. Alipofariki Dresden mwaka 1840 bado alikuwa nayo. Sasa iko Hamburg, ndani ya Kunsthalle, watu wanapanga foleni.