Uwanja wa Ndege wa Bukoba: Ulikotoka na Unakoweza Kufika



Kila mwaka katika kijitabu hiki tunaandika habari za shule, zahanati na maji. Mwaka huu nimeiomba kamati initengee kurasa hizi kwa ajili ya uwanja wetu wa ndege. Wapo waliouliza: uwanja wa ndege ni mali ya serikali, sisi na harambee yetu tunaingilia wapi? Nitafika huko. Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana vijana wetu waliozaliwa Dar es Salaam wanadhani ndege za Bukoba zilianza walipoanza wao kuzipanda.

Wazee wetu hawakuwa na njia ya kwenda Dar es Salaam. Walikuwa na ziwa. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890, alichagua ufuko kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya maana. Kwa miaka mingi baada ya hapo kahawa yetu ilipakiwa melini, ikavuka hadi Kisumu, ikapanda treni hadi Mombasa. Mtu wa Kiziba alikuwa ameshafika Kampala mara tano kabla hajamwona mtu aliyefika Dodoma. Mwelekeo wetu ulikuwa kaskazini na mashariki, na reli ya kati ilikuwa jambo la watu wa Tabora.

Hata ndege zilipokuja zilifuata njia hiyohiyo. East African Airways ilianza kazi mwaka 1946, mali ya nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja, na Dakota zake ziliunganisha miji ya kuzunguka ziwa. Dakota haikuwa ndege ya makuu. Haikudai lami, iliweza kutua kwenye uwanja mfupi wa majani au changarawe na kuondoka tena. Wakubwa wa serikali, mapadre, wanunuzi wa kahawa na wagonjwa wenye uwezo ndio walioipanda. Mkulima aliitazama ikipita juu ya migomba.

Kisha njia zikaanza kufungwa, moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo hadi leo naona hatujaitafakari vya kutosha. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ilikufa pamoja na Jumuiya yenyewe. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983, kwa hiyo safari ya Kisumu ikawa hadithi. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba, majeshi yake yakavuka mpaka na daraja la Kyaka likavunjwa. Ndani ya miaka miwili mji uliozoea milango mitatu ukabaki na mmoja: meli ya usiku hadi Mwanza, na kutoka hapo treni hadi Dar es Salaam. MV Victoria, iliyokuwa ikizunguka ziwa zima tangu 1961, ikawa ya kwetu Watanzania peke yetu.

Air Tanzania ilizaliwa Machi 1977, mwezi mmoja tu baada ya msiba wa shirika mama. Ilirithi ndege chache na kununua nyingine, na iliyotufaa sisi ni Twin Otter, ndege ndogo ya viti visivyozidi 20 inayoweza kutua mahali pafupi. Hapo ndipo uwanja wetu ulipogeuka uso. Tulikuwa watu wa Entebbe na Nairobi, tukawa watu wa Mwanza na Dar es Salaam. Haukuwa uamuzi wetu, ila tulizoea.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Hakuna kata katika mkoa wetu isiyokuwa na kaburi la siku ile, au jina lisilokuwa na kaburi. Sitaeleza zaidi, wasomaji wengi wa kijitabu hiki wanajua kuliko mimi. Ninachotaka kionekane ni jambo moja la kihistoria: baada ya 1996 watu wengi wa kwetu waliogopa meli, na barabara haikuwa mbadala. Njia ya Biharamulo ilikuwa na majambazi, mabasi yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Wengine walizunguka nje ya nchi kabisa: Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Kampala, kisha Mutukula. Mtu alitoka nchini na kuingia nchini ili afike nyumbani kumzika mama yake. Katika mazingira hayo ndege iliacha kuwa kitu cha wakubwa. Mwalimu alichanga, ukoo ulichanga, mtu akapelekwa uwanjani.

Lakini Air Tanzania ilikuwa imechoka. Mwaka 2002 shirika la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya hisa zake, ndoa ikavunjika mwaka 2006, na miaka iliyofuata shirika letu lilikuwa la jina zaidi kuliko la ndege. Pengo hilo likazibwa na kampuni binafsi. Precision Air ikaleta ATR, ndege ya mapangapanga yenye viti vinavyokaribia 50. Auric Air, yenye makao yake Mwanza, ikaleta vile vindege vidogo vya Caravan ambavyo ukikaa nyuma ya rubani unaweza kumsaidia kusoma saa. Tuwashukuru. Miaka ile bila wao tungekuwa kisiwa.

Novemba 2012 Fastjet ilipoanza safari za Dar es Salaam na Mwanza, na tiketi za kuanzia dola 20 za Marekani, watu wetu waliuliza kwa nini Mwanza tu. Jibu lake ndilo kiini cha makala hii. Fastjet ilitumia Airbus A319, ndege ya jeti. Uwanja wetu ukiwa na lami una urefu wa kama mita 1,500. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni mji na vilima. Tena Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko juu ni nyepesi. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi ndivyo ndege inavyohitaji kukimbia zaidi kabla haijanyanyuka, na mvua ikilowesha lami inahitaji umbali zaidi wa kusimama. Ndege ikiwa nzito kupita kiasi cha uwanja, kitu fulani lazima kibaki chini.

Mara nyingi kinachobaki ni mzigo. Desemba moja nilitoka nyumbani na mkungu wa ndizi na ndoo ya senene waliokaangwa vizuri na shangazi yangu. Mimi nilifika Dar es Salaam jioni, senene walifika siku ya tatu, na ndoo ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikabidhi. Kampuni siitaji. Walioonja wanajijua.

Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliohusu pia viwanja vya Kigoma na Tabora, uwanja wetu uliwekwa lami na kujengewa jengo jipya la abiria. Rais John Magufuli aliuzindua Novemba 2017. Wakati huo Air Tanzania ilikuwa imefufuka, na Bombardier Q400 zake mbili zilizofika Septemba 2016 zilikuwa na viti 76 kila moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi tukawa na kampuni mbili kubwa zinazogombania abiria wetu. Baadhi ya safari hupitia Mwanza, nyingine hugeuza, zinaanza Bukoba na kurudi kwa Mwanza. Watu wetu hulalamika ratiba ikibadilika, lakini mzunguko huo una hesabu yake. Desemba ndege zinakuja Bukoba zimejaa hadi mlangoni na kurudi na viti vitupu, Januari ni kinyume chake, na Februari hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Mwanza ndiyo inayojaza viti ambavyo sisi tunaviacha. Bei ya Krismasi tunayoilaani inalipia pia kiti kitupu cha kurudi. Anayetaka nauli ishuke atafute abiria wa Februari.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, katika mvua kubwa, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam, safari namba 494, iliangukia ziwani ikijaribu kutua. Ilikuwa na watu 43. Walipona 24, wakafa 19, wakiwamo marubani wote wawili. Waliofika kwanza hawakuwa kikosi chochote. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao na makasia yao. Nchi nzima ilimfahamu kijana Majaliwa Jackson, aliyesaidia kuufungua mlango wa nyuma kisha naye akazirai akijaribu kuwafikia marubani. Siku ya pili majeneza yalipangwa pale Kaitaba, uwanja tuliouzoea kwa kelele za mpira. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema wazi kwamba uokoaji ulichelewa na zana hazikutosha.

Naomba tuitazame siku ile bila kurushiana lawama. Uwanja ulio ufukweni unahitaji uokoaji wa majini kama unavyohitaji gari la zimamoto. Tulikuwa na lami mpya, jengo jipya na ndege mbili kwa siku, na kamba za kuvutia ndege zikatoka kwa wavuvi.

Sasa mbele. Mazungumzo ya kujenga uwanja mkubwa Omukajunguti, wilayani Missenyi, ni ya miaka mingi. Wenye vibanja huko wamesikia habari za vipimo na fidia hadi wengine wamezeeka wakizisikiliza. Baada ya ajali mazungumzo yalichemka tena. Kwa maoni yangu, kurefusha uwanja uliopo kuna kikomo: ama uingie ziwani kwa gharama kubwa, ama ubomoe mji. Anayetaka jeti Kagera anataka uwanja mwingine, na aseme hivyo. Lakini pia aseme jeti hizo zitabeba nini siku zisizo za sikukuu. Vanila yetu ni nyepesi na ya bei, inafaa ndege. Minofu ya sangara inafaa pia, ila Mwanza imetutangulia. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linaingilia Missenyi na kupita Muleba na Biharamulo, na kule Kabanga, Ngara, kuna nikeli. Wahandisi na wakaguzi wa miradi hiyo ndio abiria wa Februari niliowataja.

Washindani wapo. Chato, iliyokuwa ndani ya mkoa wetu hadi Geita ilipoundwa mwaka 2012, ina uwanja wa mita 3,000, mara mbili ya wetu. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyotuchelewesha miaka yote imekwisha. New Victoria ilirudi majini mwaka 2020, na MV Mwanza imejengwa kubeba abiria 1,200. Mtu wa kawaida atapata njia nafuu ya kufika nyumbani kwa mara ya kwanza tangu 1977. Nafurahi, ingawa kwa uwanja wa ndege si habari njema sana. Ukichunguza historia niliyoieleza utaona kwamba uwanja wetu ulikua kila mara njia nyingine ilipokufa. Haujawahi kukua kwa nguvu zake wenyewe, na sasa ndio utakaojaribiwa. Mimi naamini utaishi, kwa sababu mgonjwa anayepelekwa Bugando hawezi kungoja meli ya usiku, na mfiwa aliyeko Muscat au Minneapolis ana siku tatu za ruhusa, hana saba. Lakini utaishi kwa ndege za ukubwa wa ATR na Q400, si kwa ndoto za Airbus, hadi hapo Omukajunguti patakapoonekana greda.

Nilisema nitaeleza harambee inaingia wapi. Lami ni kazi ya serikali, na ratiba ni kazi ya kampuni. Chama chetu hakiwezi kurefusha uwanja hata kwa mita moja, na mtu akiwaomba mchango wa jambo hilo msimpe. Tunachoweza ni kile kilichokosekana mwaka 2022 katika mikono ya watu wa kwanza kufika. Fungu moja la makusanyo ya mwaka huu limetengwa kwa ajili ya mialo iliyo karibu na uwanja: majaketi ya kuokolea, kamba ndefu, tochi za majini, sanduku la huduma ya kwanza kwa kila mwalo, na mafunzo ya uokoaji kwa wavuvi wenyewe, chini ya maelekezo ya wataalamu wa zimamoto na uokoaji. Vifaa vitakabidhiwa kwa vikundi vya wavuvi mbele ya viongozi wa mtaa, na orodha yake itachapishwa katika kijitabu cha mwakani, kifaa kwa kifaa.

Jingine dogo. Mwenye picha ya uwanja wetu enzi za Dakota au Twin Otter, au kipande cha tiketi ya zamani, akilete siku ya harambee. Tutakipiga picha na kumrudishia papo hapo. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho, na watakaokuja kwa basi kutoka Mwanza watapokelewa pia.