Sauti Kabla ya Moto: Historia ya Aloi ya Nikeli na Titani na Suala la Istilahi ya "Kumbukumbu"

Makala haya yanachunguza tukio moja dogo katika historia ya sayansi ya metali, na jinsi usimulizi wake ulivyoathiri istilahi tunayoitumia darasani. Tukio lenyewe linajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika maabara ya silaha ya Jeshi la Majini la Marekani huko White Oak, Maryland, wakuu walikutana kutathmini miradi. Ukanda mwembamba wa aloi ya nikeli na titani, uliokunjwa mikunjo mingi, ulipitishwa mkono kwa mkono ili kila mmoja auvute na kuubonyeza, ajionee kwamba haukatiki upesi. Mmoja wao, David Muzzey, alikuwa mvutaji wa kiko. Akausogezea mwali wa kiberiti chake, na ukanda ukajinyoosha mbele ya macho yao.

Hekaya hii hurudiwa mno, nasi tumeipokea bila kuihoji. Humfanya msomaji aamini kwamba elimu hii ilizaliwa kwa bahati siku hiyo. Sivyo. Arne Ölander wa Uswidi alikwisha kuandika mwaka 1932 juu ya tabia isiyo ya kawaida ya aloi ya dhahabu na kadimi. Mwaka 1949 Kurdjumov na Khandros, katika Muungano wa Kisovieti, walieleza badiliko la fuwele linaloweza kwenda na kurudi kwa kufuata halijoto. Na mwaka 1951 Chang na Read walionyesha urejeaji wa umbo katika aloi ileile ya Ölander. Dhahabu ni ghali na kadimi ni sumu. Nadhani hiyo ni sababu kubwa ya jambo hilo kubaki majaridani.

Lililofunikwa zaidi na hekaya ya kiko ni jambo la mwaka 1959. William Buehler alikuwa akitafuta metali ya kustahimili joto kali la pua ya kombora linaporudi katika angahewa. Alikuwa ameyeyusha na kuunda mapau ya aloi hiyo, akayaacha mezani yapoe. Alipoliangusha lililokwisha kupoa juu ya sakafu ya saruji, lilitoa kishindo kizito kisicho na mwangwi, akahofia kwamba limepasuka ndani. Akaangusha lililokuwa bado la moto: likalia kama kengele. Akalikimbiza kwenye bomba la maji ya kunywa, akalipoza, akaliangusha tena. Safari hii halikulia. Mapau baridi nayo, yalipopashwa katika maji yanayochemka, yakapata sauti.

Maelezo yote yalikuwamo katika sauti hiyo. Metali hii ikiwa na joto, atomu zake hujipanga katika mpangilio wa mchemraba uitwao austenaiti. Ikipoa, mpangilio huo huinama na kuwa martensaiti, bila atomu yoyote kuachana na jirani zake. Mwinamo waweza kuelekea pande nyingi. Hivyo fuwele hugawanyika katika matabaka membamba yanayoinama kwa kupishana, na umbo la nje halibadiliki. Mipaka baina ya matabaka hayo husogea kwa urahisi. Ukiigonga metali ikiwa baridi, nguvu ya pigo huishia katika kuisogeza mipaka, ndiyo maana hailii. Ukiikunja, matabaka ya mwelekeo mmoja hupanuka na kuyameza mengine, alimradi mnyumbuko usizidi takriban asilimia 8. Ukiipasha joto, kila tabaka, liwe liliinamia wapi, lina njia moja tu ya kurudi kwenye mchemraba.

Frederick Wang, aliyejiunga na kundi hilo mwaka 1962, ndiye aliyesaidia kuufafanua muundo huo wa atomu. Buehler naye aliipa aloi jina la nitinoli: alama za nikeli na titani, zikifuatwa na herufi za mwanzo za jina la maabara.

Sisi tumechukua "kumbukumbu" kutoka Kiingereza, na wanafunzi wangu wameniuliza zaidi ya mara moja kumbukumbu hiyo huhifadhiwa wapi. Swali ni la haki. Istilahi ndiyo iliyowapotosha. Nakiri kwamba waya hufungwa katika umbo linalotakiwa na kupashwa joto la nyuzi 500 hivi za selsiasi, na mafundi husema "umefundishwa". Hata hapo kinachowekwa ni umbo la austenaiti, wala si rekodi ya mikunjo iliyopita. Napendekeza "aloi rejeshi-umbo", ingawa najua "kumbukumbu" imekwisha kuzoeleka.

Viungo vya mabomba vya ndege za kivita F-14, vilivyotengenezwa na kampuni ya Raychem, vinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kiungo kilipanuliwa kikiwa baridi, kikahifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, kisha kikavishwa bomba na kuachwa kipate joto la kawaida, kikabana. Fundi alihitaji kujua ni katika nyuzi ngapi kingeanza kubana, na hilo hutegemea kiasi cha nikeli: atomu zake zikizidi nusu, ongezeko la asilimia 1 laweza kuishusha halijoto hiyo kwa nyuzi zipatazo 100.