Ukuta Katikati ya Majirani



Katika siku za yubile tunawashukuru waliopanga matofali ya kanisa letu. Inafaa kufanya hivyo. Lakini historia inatufundisha kwamba matofali yanaweza kujenga nyumba ya sala, na yanaweza vilevile kumtenga jirani na jirani yake. Kwa hiyo tumependa kuwasimulia habari za njia moja ya mji wa Belfast, katika Irlande ya Kaskazini. Wairlande si wageni kabisa kwetu: wazee wa Katanga waliwaona askari wao katika jeshi la Umoja wa Mataifa, miaka ya 1960 na 1961.

Inchi ile iligawanywa mwaka wa 1921. Sehemu ya kaskazini ilibaki chini ya Uingereza, na Waprotestanti ndio waliokuwa wengi. Wakatolika walilalamika kwamba wanabaguliwa katika nyumba za serikali, kazi na kura. Mwaka wa 1968 wakaanza kuandamana. Tusidanganyike: ugomvi ule haukuwa juu ya Sakramenti wala Maandiko. Ulikuwa juu ya inchi, nyumba na mkate. Dini ilikuwa alama ya kumtambulisha adui.

Tarehe 15 Agosti 1969, siku kuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, kundi la Waprotestanti lilichoma nyumba za Bombay Street, njia ndogo ya Wakatolika karibu na monasteri ya Clonard ya mapadri Waredemptoristi. Katika miezi ile zaidi ya jamaa 1,800 za Belfast zilihama makao yao. Nyingi zilikuwa za Wakatolika, lakini Waprotestanti pia walikuwamo. Mwaka wa 1971, Waprotestanti waliokimbia Farringdon Gardens walichoma nyumba zao wenyewe, ili Wakatolika wasiingie humo. Tufikiri kidogo: mtu anatia moto chumba alimolala jana, kusudi jirani asilale humo kesho.

Mwezi wa Septemba 1969 askari wa Uingereza waliweka waya wa miba kati ya mitaa. Mkubwa wao alisema ni kwa muda mfupi tu. Lakini mahali pa waya pakaja ukuta wa chuma na matofali. Ukuta wa Berlin ulidumu miaka 28, tangu 1961 mpaka 1989. Huu umepita miaka 50. Mwaka wa 2013 serikali ya pale iliahidi kwamba kuta zote za namna hiyo zitaondolewa mpaka mwaka wa 2023. Mwaka huo ulipita, na nyingi zingali zimesimama. Bombay Street ilijengwa upya, lakini nyuma ya nyumba zake ukuta ungalipo, na watu wamefunika nyua zao kwa wavu wa chuma ili kuzuia mawe.

Hata hivyo, mbegu njema ilipandwa palepale. Tangu mwaka wa 1981 waamini wa Clonard na Wapresbiteri wa Fitzroy walikutana kusoma Biblia pamoja. Padri Alec Reid wa Clonard alipeleka maneno kwa siri kati ya wanasiasa waliokataa kuonana. Patano lilifikiwa siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998, baada ya vifo zaidi ya 3,500. Mwaka wa 2005 yeye pamoja na mchungaji Mmetodisti Harold Good walishuhudia silaha za IRA zikiharibiwa.

Kwa nini kusimulia habari za mbali siku ya furaha? Kwa sababu sisi pia tuna majivu yetu. Mwaka wa 1992 katika Likasi, na 1993 katika Kolwezi, watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa nyumbani mwao, wakangoja treni siku nyingi kwenye gare. Wengi wa waliofukuzwa na wengi wa waliofukuza walikuwa wamebatizwa kwa maji yaleyale. Hatukujenga ukuta wa matofali. Tulijenga ule usioonekana.

Wandugu, woga hujenga ukuta kwa usiku mmoja, na kuubomoa kunadai miaka ya kutembeleana. Kitabu cha Walawi kinaagiza kwamba mwaka wa yubile kila mtu arudie urithi wake na jamaa yake. Basi yubile yetu haitatimia kwa ngoma na karamu peke yake, ikiwa jirani fulani angali anaogopa kupita katika njia yetu.

Amani ya Kristu ikae katika nyumba zenu.