KYELA: SI MCHELE TU, WADAU!

Watu kibao wanakula "mchele wa Kyela" kila Jumapili, ila ukiwauliza Kyela yenyewe iko wapi wanabaki kukodoa macho. Leo tuiweke sawa.

IKO WAPI?
Kyela ni wilaya ya mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole, unafika Tukuyu (kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, koti muhimu), halafu unateremka hadi bonde la kama mita 500 tu. Hapo koti unalivua mwenyewe. Pale Ibanda njia zinaachana: moja Kyela mjini, nyingine Kasumulu mpakani na Malawi. Mto Songwe ndio mpaka. Mashariki, Milima ya Livingstone inashuka mpaka ziwani pale Matema.

Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashusha maji na udongo wa milimani. Ndiyo maana mpunga unakubali, na ndiyo maana mafuriko nayo hayaishi.

HISTORIA
Wenyeji wengi ni Wanyakyusa. Zamani vijana wa kiume walihama kwa wazazi na kujenga kijiji chao cha rika. Mjerumani alipoingia, mwaka 1893 aliingiza meli yake, Hermann von Wissmann, kwenye ziwa hili. Agosti 1914 Waingereza waliivamia pale Liuli, kusini zaidi, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo!

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 nao umeacha kesi: Malawi inasema mpaka ni ufukweni kwetu, Tanzania inasema ni katikati ya ziwa. Mwaka 2012 mambo yalipamba moto kwa sababu ya utafutaji mafuta.

UCHUMI
Mpunga, kokoa, michikichi, ndizi, na samaki kama usipa na mbasa. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu, vinavuka kwa mitumbwi hadi sokoni Matema. Bandari ya Itungi ilisumbuliwa na mchanga, hivyo Kiwira ikachukua kazi. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma zilikamilika 2017.

SASA TATIZO LIKO WAPI?
Angalieni mazao mawili. Kokoa inapita kwenye vyama vya msingi, inapimwa kwa kilo, inapigwa mnada. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na mkulima mwenye kilo zake alijua anadai nini. Mpunga je? Wengi wanauza wakati wa mavuno, bei iko chini, ada ya shule inadai, na gunia linashonwa lumbesa: kilima juu yake ni bure kwa mnunuzi. Halafu mjini mchele wowote unaonukia unabatizwa Kyela. Jina linauzwa, mwenye jina hapati kitu.

Dawa ipo: mzani shambani, ghala la pamoja, na mfuko wenye jina la chama cha wakulima. Kokoa imeonyesha inawezekana.

Mwenye nyongeza amwage hapo chini.