Risasi za nta: zana ya mazoezi isiyo mchezo

Katika Kiswahili, risasi lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kile kinachotoka mtutuni. Neno lenyewe lilitoka Uarabuni pamoja na madini hayo mazito ya kijivu ambayo mafundi waliyayeyusha na kuyamimina katika vikalibu. Kusema "risasi ya nta", basi, ni kuunganisha vitu viwili visivyopatana. Hata hivyo zana hiyo ipo, na imetumika kwa zaidi ya karne moja na watu wanaojifunza kulenga shabaha ndani ya nyumba.

Visiwa vya Lamu havikuwa wageni wa baruti. Baada ya Vita vya Shela, vilivyopiganwa takriban mwaka 1812, ngome ya mji wa Lamu ilijengwa kwa msaada wa Waomani na kukamilika mnamo 1821. Siyu, mji wa kisiwa cha Pate uliosifika kwa mafundi wake wa chuma na ngozi, uliupinga utawala wa Zanzibar kwa silaha hadi 1863. Gobori za zama hizo zilishindiliwa baruti na goroli ya risasi kupitia mdomo wa mtutu.

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Katika risasi ya nta, baruti haitiwi hata punje. Nguvu yote hutokana na mlipuko mdogo wa fataki. Huchukuliwa ganda lililokwisha kutumika, fataki kuukuu ikatolewa, kisha mdomo wa ganda ukakandamizwa kwenye bamba la nta ya mishumaa, kama bilauri inavyokata donge la biskuti. Nta hutangulia na fataki mpya hufuata, kwa kuwa hewa inayofungiwa ndani huisukuma nta nje.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Tundu linalopitisha moto wa fataki hupanuliwa, kwani bila mgandamizo wa baruti fataki hurudi nyuma na kukwamisha silinda ya bastola. Ganda lililopanuliwa hivyo halifai tena kutiwa baruti maisha yake yote, maana mgandamizo ungerudi kwa mfyatuaji. Ndiyo maana wenye uzoefu huyatia alama makasha hayo na kuyatenga kabisa na risasi za kweli.

Nta ni laini, lakini si salama. Kwa karibu hutoboa ngozi, na jicho hulipofua. Mabaki yake hunata ndani ya mtutu, hasa mahali pa joto kama pwani, na mtutu ulioziba waweza kupasuka ukipigwa risasi ya kweli baadaye. Aidha, fataki nyingi zina mchanganyiko wa madini yale yale ya risasi. Moshi wake katika chumba kisichopitisha hewa ni sumu, na wanaodhurika zaidi ni watoto.

Wazo la kupigana bila kuuana linafahamika vyema Lamu. Katika kirumbizi, mchezo wa fimbo unaopamba Maulidi na harusi, wachezaji hushambuliana na kukingana kwa mwendo wa ngoma, na ustadi huonekana pasipo damu kumwagika. Wafaransa walifanya jambo la namna hiyo kwa bastola mwanzoni mwa karne ya 20. Mjini Paris, daktari Devillers alibuni risasi za nta ili mabwana waliopenda kupambana wawili wawili wajizoeze wakiwa hai. Mwaka 1908 mchezo huo ulionyeshwa London wakati wa Michezo ya Olimpiki. Washindani walivaa barakoa zenye vioo vinene na makoti mazito, na bastola zao zilikuwa na kinga ya mkono, medali haikutolewa. Baadaye, miaka ya 1950, Wamarekani walioiga filamu za wachunga ng'ombe walianza kujipiga miguu wakichomoa bastola kwa pupa. Nta ikawaokoa wengi, na hadi leo hutumika huko katika mashindano ya kuchomoa kwa kasi.

Nchini Kenya mambo ni tofauti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka kila mwenye bunduki au risasi awe na cheti, na bastola haigeuki kuwa mwanasesere kwa sababu imejazwa nta. Asiye na cheti hana mlango wa kuingilia katika mazoezi haya. Mwenye nacho naye atafakari mahali alipo. Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimebanana ukuta kwa ukuta juu ya vichochoro vyembamba, na mlio wa fataki ni mlio wa silaha kwa jirani asiyeuona mkono ulioifyatua. Tena masikio ya watu wa kaunti hiyo yana kumbukumbu: Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, wakauawa watu wengi, na mwezi uliofuata wakazi wakawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Pahali pa mazoezi ya mwenye cheti ni uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Nyumbani, kinachobaki ni kuzoeza mkono na jicho kwa silaha iliyokaguliwa mara mbili kuwa ni tupu, risasi zote zikiwa zimefungiwa chumba kingine.