MANJANO, HABASODA NA SELI ZINAZOBOMOA MFUPA: UKWELI NI UPI?

Ukikatiza Kariakoo, toka Msimbazi mpaka Mtaa wa Congo, hukosi kumsikia jamaa na kipaza sauti anatangaza unga wa "dawa ya mifupa". Ukiuliza kuna nini ndani, utaambiwa manjano, habasoda, tangawizi. Wengine wanasema utapeli mtupu, wengine wanaapa unaponya. Mimi nimemaliza fomu foo tu, sio daktari, ila nimeisoma hii ishu na naona pande zote mbili zinakosea.

MFUPA SIO JIWE

Kila mwaka mtu mzima hubadilisha karibu asilimia 10 ya mifupa yake. Kuna seli za kujenga, osteoblasti, na za kubomoa, osteoklasti. Ni kama Kariakoo yenyewe: nyumba ya zamani inavunjwa, panasimama ghorofa. Wabomoaji sio maadui, manake bila wao nyufa ndogo ndogo za mfupa hazirekebishwi. Balaa linaanza wakiwazidi wajenzi. Kwa akina mama hutokea sana hedhi ikishakoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa inawazuia inapungua. Mfupa unabaki na matundu, mtu anateleza bafuni tu, nyonga imevunjika.

WABOMOAJI WANATOKA WAPI?

Wanaanza kama seli changa kwenye uboho, za ukoo mmoja na chembe nyeupe za damu. Protini iitwayo RANKL ikizigusa, inawasha swichi ndani yake. Swichi mojawapo inaitwa NF-kB. Hapo seli changa kadhaa zinaungana kuwa moja kubwa, inajibandika kwenye mfupa na kumwaga asidi inayoyeyusha madini. Mwili una breki yake pia, osteoprotejerini, inayoidaka RANKL kabla haijafika.

MIMEA INAINGIA HAPA

Kurkumini ndiyo inayoyapa manjano rangi yake. Kwenye sahani za maabara inapunguza nguvu ya ile swichi ya NF-kB, na seli chache zaidi zinageuka kuwa wabomoaji. Habasoda nayo ina thaimokwinoni. Mwaka 2015 watafiti wa India walionyesha kwamba inazuia njia hiyo hiyo, kwenye seli na kwa panya. Kwa hiyo anayesema ni uongo mtupu hajasoma.

LAKINI TUMBO SIO SAHANI YA MAABARA

Piga hesabu na mimi. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu. Kijiko cha chai cha gramu 3 kinakupa miligramu 90 hivi. Mwaka 1998, huko India, watu walipewa gramu 2 za kurkumini tupu, na kwenye damu ilionekana kidogo sana au haikuonekana kabisa. Gramu 2 hizo kwa unga wa sokoni ni zaidi ya vijiko 20! Walipoongeza kemikali ya pilipili manga, kiasi kilichoingia kwenye damu kilipanda sana. Ila usikimbilie kukoleza. Italia na Marekani wameripoti watu walioumia ini baada ya kumeza vidonge vya manjano vilivyokolezwa, vingine vikiwa na hiyo pilipili. Na anayemeza dawa ya kuyeyusha damu aongee na daktari kwanza.

Dawa ya hospitali inayotumia wazo hili hili ipo. Sindano ya denosumab inaikamata RANKL yenyewe, na iliruhusiwa Ulaya na Marekani mwaka 2010. Hiyo imepimwa kwa maelfu ya watu na ikaonekana inapunguza kuvunjika. Unga wa kwenye kopo haujapita hapo. Na ukiikatisha sindano hiyo ghafla bila dawa ya kufuatia, wabomoaji wanarudi kwa kasi, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

Ndio maana bibi yangu aliponiuliza kama aache vidonge vya hospitali abaki na manjano, nilimwambia: "Bibi, manjano weka kwenye mchuzi, vidonge usiache mpaka daktari aseme." Akacheka, akasema basi na pilau aendelee. Aendelee tu!

Muuzaji ukimkuta muulize swali moja: hii imepimwa kwa watu, au kwa seli na panya? Akikwepa, umepata jibu. Muhimbili kuna taasisi ya mifupa, MOI, na pia Taasisi ya Tiba Asili inayochunguza mimea. Dawa za asili zina sheria yake toka 2002, kwa hiyo sio kila kopo ni halali.

Wewe nyumbani kwenu nani ameacha dawa kwa ajili ya kopo? Mwonyeshe hii. Maoni hapo chini, matusi hapana.

Nawasilisha.